Kabla hujanunua lori California, fungua boneti kwanza

Kwa wale mko California ama mnapanga kuhamia kuingia kazi ya lori, na wengi wetu kutoka Kenya, Bongo na Congo tunaishia huko, tafadhali someni hii kabla hamjampa mtu deposit. Lori linaweza kuwa na matairi mapya na bei poa kabisa na bado DMV, yaani ofisi ya state ya kusajili magari, wakakunyima rejista.

Tangu 1 Januari 2023, karibu kila lori la dizeli linalozidi pauni 14,000 (kama kilo 6,350) lazima liwe na injini ya 2010 kuendelea. Injini, si lori! Lori la 2010 linaweza kuwa na injini ya 2009, na hapo ndo watu wanaumia manake muuzaji anakwambia ni la 2010 na hadanganyi, karatasi zinasema hivyo. Kwa hiyo fungua boneti, tafuta ile lebo ya moshi iliyobandikwa kwenye injini yenyewe, soma mwaka, piga picha. Kama imebanduliwa ama haisomeki mimi nakushauri uachane nalo. Alafu ingiza kidole kwenye bomba la moshi, kikitoka na masizi meusi ujue DPF, ile filta inayonasa masizi ya dizeli, imepasuka ama imeng'olewa. Lori lililong'olewa filta huuzwa bei rahisi sana state zingine, lakini ni kosa hata kwa sheria ya federal.

Ukishanunua kuna Clean Truck Check, mpango wa kupima moshi wa lori wa CARB, hao ndo wasimamizi wa hewa wa state. Unasajili lori kwenye mfumo wao online, unalipa kama dola 30 na kitu kwa mwaka, na unapima moshi mara mbili kwa mwaka (kuanzia Oktoba 2027 lori zenye OBD, ile kompyuta ya lori inayojikagua yenyewe, zitapimwa mara nne). Injini ya dizeli ya 2013 kuja juu inachomekwa kifaa kinasoma kompyuta, za zamani zinapimwa weusi wa moshi. Majibu yanakubaliwa hadi siku 90 kabla ya dedlaini, so pima mapema, sensor ikifeli upate muda wa kutengeneza. Na fundi asifute codes za makosa kwenye kompyuta ya lori asubuhi ya kipimo, kompyuta itaonyesha haiko tayari na utarudishwa. Mafunzo ya kuwa mpimaji CARB wanatoa bure online, hata wewe mwenye lori unaweza kuyafanya ukapima la kwako.

Kuhusu kuacha injini ikinguruma umesimama, mwisho ni dakika 5, faini inaanzia dola 300, hata kama umelala kitandani nyuma, isipokuwa injini ina stika ya clean idle (ya kuonyesha inatoa moshi kidogo ikinguruma imesimama) na hauko karibu na nyumba za watu ama shule. Najua joto la Fresno Julai si mchezo, lakini moshi wa dizeli CARB waliutangaza kuwa sumu tangu 1998, na kule karibu na bandari ya Long Beach kuna watoto wanaovuta hewa hiyo kila siku.

Kingine, kuna mitambo barabarani inayonusa moshi ukipita. Ikikushuku unatumiwa notisi, una siku 30 kuleta majibu ya kipimo ambacho lori limefaulu. Sisi tunahamahama sana, barua inaenda apartment ya zamani, kwa hiyo kila ukihama badilisha anwani DMV na kwenye akaunti yako ya CARB pia.