Somo: Kuchagua wakala mwenyeji ukiuza safari kutoka nyumbani, Nairobi

Anayeuza tiketi na safari akiwa nyumbani Donholm au Ruaka kwa kawaida hana namba ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, hana dhamana ya kifedha ya kuiombea, wala hana mfumo wa kushikia nafasi na kukata tiketi kama Amadeus, Sabre au Galileo. Anahitaji ofisi yenye hivyo vyote: yeye alete wateja, ofisi ikate tiketi, kisha wagawane kinachobaki. Ofisi hiyo ndiyo tutakayoiita mwenyeji.

Wengi huanza kwa kuuliza asilimia. Anza na hili: safari ikivunjika, pesa ya mteja inarudi kupitia mikono ya nani, na deni linabaki kwa nani? Mwenyeji anayekupa 90% na kukaa na marejesho ya mteja wako miezi mitano atakumalizia biashara.

Hatua ya 1: Andika unachouza

Tiketi tupu za Dubai na Guangzhou, vifurushi vya Umra, hoteli za Diani na kambi za Maasai Mara ni biashara tofauti. Mashirika mengi ya ndege yameshusha kamisheni ya msingi hadi sifuri, kwa hiyo kwenye tiketi unaishi kwa ada ya huduma unayoongeza mwenyewe. Hoteli bado hulipa, mara nyingi karibu 10%, ila baada ya mgeni kulala na kuondoka. Mwenyeji hodari wa tiketi anaweza kuwa hana mkataba hata mmoja wa maana na hoteli za Pwani. Mwulize akupe bei ya wakala ya hoteli tatu unazouza sana, kisha uilinganishe na bei ya mtandaoni ya tarehe zilezile.

Hatua ya 2: Hakiki karatasi, halafu hakiki tiketi

Omba leseni ya mwaka huu ya TRA, mamlaka ya kudhibiti utalii Kenya, cheti cha usajili wa kampuni na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Uanachama wa KATA, chama cha mawakala wa safari Kenya, ni dalili njema, lakini hauchukui nafasi ya leseni.

Cheti cha IATA kilichoning'inizwa ukutani hakitoshi. Omba nakala ya tiketi aliyoikata wiki hii, majina ya msafiri yakiwa yamefichwa. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za shirika la ndege: 706 ni Kenya Airways, 176 Emirates, 071 Ethiopian. Kisha tafuta namba ya IATA ya ofisi iliyoitoa, tarakimu 8. Iingize kwenye CheckACode, huduma ya IATA ya mtandaoni, uone jina linalotokea.

Jina likiwa la ofisi nyingine, mwenyeji wako naye ananunua kwa muuzaji wa jumla. Si kosa, na hapa mjini ni jambo la kila siku. Lakini kila marejesho yatapita mlango mmoja zaidi, na kila mlango una ada yake. Akikuficha jambo hilo, ondoka.

Hatua ya 3: Fuata pesa

Kuna njia mbili. Ya kwanza, mteja analipa moja kwa moja kwenye Paybill au akaunti ya mwenyeji, nawe unalipwa mgao wako baadaye. Ya pili, mteja anakulipa wewe, nawe unatuma bei halisi kwa mwenyeji na kubaki na chako.

Ya pili inavutia kwa sababu pesa iko mkononi. Hatari yake ni kwamba wewe ndiwe uliyeipokea. Ukipokea kwa Till yako na kutangaza kwa jina lako, mteja akija juu atakudai wewe, na TRA inaweza kukuona wakala kamili anayepaswa kuwa na leseni yake, maana leseni ya mwenyeji imeandikwa jina la mwenyeji. Kwa anayeanza, njia ya kwanza ni salama zaidi, mradi kila malipo yatoe risiti inayotaja jina la msafiri na namba ya nafasi, ile yenye alama sita, herufi na tarakimu zikichanganyika.

Kumbuka pia vikomo. M-Pesa hairuhusu zaidi ya KSh 250,000 kwa muamala mmoja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Familia ya watu sita wa Umra haitoshei humo. Uliza mapema kama mwenyeji anapokea Pesalink, njia ya kutuma pesa kutoka benki hadi benki, na inamchukua muda gani kuthibitisha kuwa pesa imeingia. Nafasi ina saa ya mwisho ya kukatiwa tiketi, na mhasibu aliyetoka saa kumi na moja jioni amewahi kuua nafasi nyingi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mgao

Mwenyeji A anakupa 90% na kutoza KSh 5,000 kila mwezi. Mwenyeji B anakupa 70%, bila ada. Wanalingana mapato ya kugawana yakiwa KSh 25,000 kwa mwezi: kote unabaki na 17,500. Chini ya hapo B ni bora, juu yake A. Mwezi wa mapato 10,000, A anakuachia 4,000 na B 7,000. Wanaoanza karibu wote wako chini, na karibu wote huchagua A.

Uliza 90% hiyo ni ya nini. Ya kamisheni tu, au hata ya ada uliyoongeza wewe? Kabla au baada ya makato ya benki? Ada yako ya huduma inafaa ibaki yako yote.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu ADM

Hapa ndipo watu huumia. ADM ni deni ambalo shirika la ndege humtumia aliyekata tiketi kupitia BSP, mfumo wa malipo wa IATA. Sababu za kawaida: nauli iliyotumika haikustahili, nafasi ya msafiri mmoja imeshikwa mara mbili, au nafasi haikufutwa na msafiri hakutokea. Inaweza kuja hadi miezi 9 baada ya tarehe ya mwisho ya safari, wakati mteja amekwisha kukusahau.

Mkataba utaje mambo matatu: unaonyeshwa ADM yenyewe, unapewa muda wa kuipinga kabla haijakatwa kwenye mgao wako, na kosa likiwa la karani wa mwenyeji basi deni ni lake. Ndiyo maana maagizo yote ya kukata tiketi uyatume kwa maandishi, pamoja na picha ya pasipoti. Jina uliloagiza kwa simu halina ushahidi.

Hatua ya 6: Mjaribu kabla ya kutia sahihi

Mtumie ombi Jumamosi saa tatu usiku. Safari nyingi za JKIA kwenda Ghuba huondoka usiku au alfajiri, na matatizo huzuka saa hizo. Kisha muulize tiketi iliyokatwa leo kwa kosa inafutwaje. Kwa kawaida inawezekana siku ileile tu. Ikipita usiku wa manane unaingia kwenye adhabu za nauli. Akijibu "tutaona kesho", umeshapata jibu.

Hatua ya 7: Kutoka

Mkataba useme wateja ni wa nani, notisi ni siku ngapi, na kwamba kamisheni za safari zilizouzwa kabla hujaondoka utalipwa. Za hoteli hasa, maana huchelewa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasarani: Mwalimu, mwenyeji amenikata 5% kwenye kamisheni ya mwezi uliopita. Ni halali?

Jibu: Ni kodi ya zuio, hukatwa malipo ya huduma ya uwakala yakifika KSh 24,000 kwa mwezi. Hakikisha cheti chake kimeonekana kwenye iTax yako, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa sababu kinapunguza kodi utakayodaiwa mwisho wa mwaka. Pasipo cheti, pesa hiyo haijafika KRA. Mwenyeji pia atakutaka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili gharama hiyo ikubalike kwenye hesabu zake. Jisajili mapema.

Mwanachama wa Eastleigh: Naweza kuwa na wenyeji wawili, mmoja wa Umra na mmoja wa tiketi?

Jibu: Ndiyo, kama mikataba haikatazi. Usiwatume wote wawili kushika nafasi ya msafiri mmoja kwa ndege moja ili ulinganishe bei. Shirika litaona nafasi mbili za jina lilelile, linaweza kufuta zote, na ADM ikafuata. Omba bei tu, bila majina.

Dada wa Rongai: Kuna kikundi cha Marekani kinanialika kuwa wakala mtandaoni. Natakiwa kulipa kujiunga, halafu nilete wengine.

Jibu: Dada, angalia wanachoshangilia. Wakizungumzia uliowaleta kuliko safari ulizouza, biashara yao ni ada za kujiunga. Wenyeji halisi wapo Marekani, tena wengi, lakini uliza kwanza kama wanapokea mtu asiye na anwani wala namba ya kodi ya huko, na watakulipaje Nairobi.

Mwanachama wa Embakasi: Nyongeza. Mwenyeji akiomba picha za pasipoti kwenye kundi la WhatsApp la mawakala wote, kataeni. Hizo ni data binafsi chini ya sheria ya 2019.

Jibu: Sahihi kabisa, mkuu. Tuma kwa barua pepe ya ofisi au mfumo wao, na ukiwa hapo tazama tarehe ya mwisho ya pasipoti. Nchi nyingi hutaka miezi sita iliyobaki, na karani wa mwenyeji hatakuangalilia hilo.