Jinsi ya kuendesha tiba ya mahusiano kwa mwenye sonona: kwa wauguzi na washauri wa kando ya Ziwa Victoria

Tiba ya mahusiano ni tiba ya mazungumzo yenye muda maalumu, inayomtibu mwenye sonona kwa kuangalia yanayoendelea kati yake na watu wake wa karibu. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pale Gerald Klerman, Myrna Weissman na wenzao walipochunguza kama mazungumzo yangewasaidia zaidi wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za sonona. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1984. Haidai kwamba mahusiano ndiyo chanzo pekee cha ugonjwa. Inachosema ni kwamba, chanzo kiwe chochote, sonona huzuka mtu akiwa katikati ya msiba, mgogoro, badiliko la maisha au upweke, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Kwa sisi wa Mwanza, ushahidi wenye uzito zaidi umetoka ng'ambo ya ziwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda viligawanywa, na katika nusu yake wanawake na wanaume wenye dalili za sonona waliketi katika vikundi tofauti kila juma kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo bila kuwa wataalamu wa afya ya akili. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliopata tiba walibaki na vigezo vya sonona, ilhali katika vijiji vingine walikuwa asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikundi wa vikao vinane.

Kabla ya lolote, pima. Dodoso la maswali tisa la PHQ-9 hutoa alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 unapaswa kumchunguza mtu kwa makini. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, na kama amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, akikesha bila kuchoka na kutapanya fedha. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mpe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili, Bugando au hospitali iliyo karibu, na mwenye mawazo ya kujiua asiondoke peke yake.

Vikao vya mwanzo ndivyo vinavyoharakishwa zaidi, nami naona ndivyo vinavyobeba tiba nzima. Utaje ugonjwa kwa jina lake: "Mama, hali hii inaitwa sonona; ni ugonjwa, si uvivu, na unatibika." Akisema amerogwa, usibishane naye, endelea kuuliza usingizi ulianza kupotea lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini. Kisha mpitie pamoja watu wake mmoja baada ya mwingine: anaonana naye mara ngapi, anamtegemea kwa lipi, nini kimebadilika. Mwisho wa hatua hiyo chagueni eneo moja la kufanyia kazi kati ya yale manne, yaani msiba, mgogoro, badiliko la maisha au upweke; au mawili yakizidi sana.

Tuchukue mgogoro, kwa kuwa ndio wenye kazi nyingi. Mchuuzi wa dagaa wa Kirumba ana mume aliyehamia kambi ya uvuvi visiwani, ambaye hatumi tena fedha ya matumizi. Usimwambie la kufanya. Muulize simu ya mwisho ilikwendaje, neno kwa neno: alisema nini, akajibiwa nini, akajisikiaje, na alitaka kupata nini hasa. Mara nyingi utagundua kwamba alilalamika juu ya mambo matano bila kuomba hata moja. Pima pia kama bado wanazungumza, wamenuniana, au ndoa imekwisha, maana kila hali ina njia yake. Fanyeni igizo, wewe ukiwa mume, mpaka apate sentensi anayoweza kuitamka kweli. Na pale ambapo kumkabili mume moja kwa moja kungeonekana utovu wa adabu, fikirieni shemeji au mzee anayesikilizwa. Kukiwa na kipigo, usimsukume kwenye makabiliano. Mshirikishe afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa ridhaa yake.

Kwa aliyefiwa, hasa na mtu aliyezama na mwili wake usipatikane, acha asimulie maisha yao yote, si kifo pekee. Kumsema vibaya marehemu ni mwiko kwa wengi, hivyo uliza kwa upole kama kuna nyakati alimvunja moyo. Mabadiliko ya maisha, kama kustaafu au kuhama, hufuata mkondo uleule: kuomboleza kilichopotea, kisha kujifunza yanayohitajika sasa.

Ratiba nayo ina nguvu zake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa hiyo vikao vyao vipange wakati wa mbalamwezi, na usiweke kikundi siku ya gulio.

Kila kikao kianze kwa kuuliza dalili za juma lililopita na tukio lililozipandisha au kuzishusha. Vikao viwili vya mwisho viwe vya kuaga: andikeni dalili zake za mwanzo na mtu wa kumwambia zikirudi. Alama zisiposhuka, mweleze kwamba tiba hii ndiyo iliyoshindwa na si yeye, kisha mpeleke kwa daktari kuhusu dawa.