Jifunze mguu wako kwa vidole: kutoka nyonga hadi unyayo

Wanafunzi wa fiziotherapia wanaokuja kwetu Arua, Uganda, kwa mafunzo ya vitendo hufika wamekariri majina ya mifupa yote. Mwambie mmoja aweke kidole kwenye shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje chini ya goti, utamwona anatazama dari. Ndiyo maana siku ya kwanza vitabu hubaki mkobani. Kila mtu avae kaptula, atafute kiti cha plastiki na kalamu ya wino, aanze kujipapasa. Utaratibu ni huu hapa. Unamfaa mwanafunzi, VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijijini, kocha wa timu ya mtaa, hata kijana wa boda boda ambaye mwenzake akigongwa ndiye hufika wa kwanza.

Usijaribu kwenye mguu uliovimba ghafla au wenye jeraha. Ukijifunzia kwenye mguu wa mwenzako, omba ruhusa kwanza, na hatua ya kinena kila mtu ajishike mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta nyonga

Simama, mikono kiunoni. Teremsha ncha za vidole mbele mpaka ziguse kinundu kigumu cha mfupa wa nyonga. Kitie alama ya wino, tutakihitaji. Sasa shuka upande wa nje wa paja, takriban kiganja kimoja chini ya ukingo wa nyonga, ubonyeze. Kuna kinundu kingine, kikubwa zaidi. Geuza unyayo ndani na nje, utakihisi kikizunguka chini ya vidole. Hapo ndipo unapougusa mfupa wa paja, mrefu kuliko mifupa yote mwilini: karibu robo ya kimo chako.

Kichwa cha mfupa huo hutakipata kwa kidole. Kimezama ndani ya kikombe cha nyonga, na shingo inayokishikilia imeinama kwa nyuzi kama 125. Shingo hiyo ndiyo huvunjika mzee anapoteleza bafuni. Ukimkuta chini, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, usimwinue eti ajaribu kutembea. Kichwa hicho pia hupata damu kwa njia chache nyembamba. Kwa wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Uganda, njia hizo zinaweza kuziba, na mfupa ukafa polepole. Kijana mwenye selimundu anayechechemea na kulalamikia kinena, au hata goti, apigwe picha ya nyonga.

Hatua ya 2: Gawa tako mara nne

Chora msalaba wa kufikirika juu ya tako moja. Robo ya juu upande wa nje ni msuli mnene. Chini kuelekea ndani ndiko inakopita neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini. Sindano ikiigonga, mtoto anaweza kubaki na unyayo unaoning'inia. Hapa Uganda watoto wa namna hiyo tunawajua, hasa wale waliochomwa kwinini takoni. Mtoto mchanga achomwe pajani, katikati, upande wa nje.

Hatua ya 3: Mapigo ya kinena

Rudi kwenye kinundu ulichotia wino. Nusu ya njia kati yake na mfupa wa kinena ulio mbele katikati ya mwili, bonyeza kwa vidole viwili. Hayo mapigo ni ya ateri ya paja. Nje yake kuna neva, ndani yake kuna vena. Damu ikiruka kutoka mguuni, kandamiza kidonda chenyewe kwanza. Ikikataa kusimama, weka ngumi hapa na uzito wako wote juu yake mpaka usaidizi ufike.

Hatua ya 4: Paja

Hii ni fupi. Kaa, nyoosha goti, kaza: misuli minne ya mbele inaungana kuwa kano moja. Kisha vuta kisigino kwa nguvu dhidi ya mguu wa kiti na ushike nyuma ya goti. Kamba mbili upande wa ndani, moja upande wa nje. Hizo ni kano za misuli mitatu ya nyuma ya paja, ile inayochanika kwa wakimbiaji wa mbio fupi.

Hatua ya 5: Goti

Mguu ukiwa umenyooka na kulegea, sukuma kilegesambwa kulia na kushoto. Kinacheza. Kaza paja, kinajifunga. Fuata kano iliyo chini yake hadi kinundu cha muundi, mfupa mkubwa wa ugoko. Wachezaji wa umri wa kukua huumwa hapo hapo, na dawa kubwa ni kupunguza mazoezi. Sasa kunja goti nyuzi 90. Kila upande wa kano kuna shimo laini, nalo ni mpaka wa mifupa miwili. Humo ndani kuna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo. Ukisikia maumivu makali ukibonyeza kwenye mstari huo baada ya goti kujipinda uwanjani, gegedu huenda limechanika. Kano mbili zinazopishana katikati ya goti hazipatikani kwa kidole, kwa hiyo tunaziacha.

Hatua ya 6: Ugoko

Hapa usiharakishe. Telezesha kidole kutoka kinundu cha muundi hadi kifundo, uso wa mbele kuelekea ndani. Ni ngozi na mfupa, basi. Ndiyo sababu ajali za boda boda hutoa muundi nje ya ngozi kwa urahisi, na sehemu ya chini huchelewa kuunga kwa kuwa haina nyama ya kuiletea damu. Funika kwa kitambaa safi, tuliza mguu kwa ubao, usirudishe mfupa ndani.

Hamia upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kile kinundu kidogo ni kichwa cha fibula. Chini yake ni shingo, na ukiviringisha kidole polepole utahisi uzi. Bonyeza kidogo, utapata ganzi juu ya unyayo. Neva hii huinua unyayo, na haina kinga yoyote pale. Plasta iliyobana, bandeji, hata kuchuchumaa kwa saa nyingi shambani huweza kuinyamazisha. Kipimo chake ni rahisi: "Inua kidole gumba." Akishindwa, legeza kilichobana na umpeleke hospitali.

Misuli ya sehemu hii imo katika vyumba vinne vyenye kuta zisizotanuka. Mfupa ukivunjika na chumba kikavimba, shinikizo huminya damu. Maumivu yanazidi licha ya dawa, na kunyoosha vidole vya mguu kunamliza mgonjwa. Hapo zinahesabiwa saa, si siku. Sina ugomvi na waganga wa mifupa, wengine wana mikono mizuri, lakini vijiti vilivyokazwa kwa kamba juu ya mguu unaovimba nimeona vikileta kukatwa mguu.

(Lile kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu wa kulia, ambalo abiria wengi wa Kampala wanalo, si sehemu ya anatomia.)

Hatua ya 7: Kano ya kisigino

Simama kwa vidole, shika shavu la mguu. Juu kuna msuli wenye vichwa viwili, chini yake mwingine mpana, na yote huishia kwenye kano nene kuliko zote mwilini. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00 kule Valencia mwaka 2020, kano hiyo ilikuwa ikihifadhi na kurudisha nguvu kila alipokanyaga. Wanaochanika ni zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaorudi uwanjani Jumapili. Hugeuka kuona nani amewapiga teke, na hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, finya shavu. Unyayo usiposogea, kano imekatika.

Hatua ya 8: Kifundo na unyayo

Linganisha mafundo mawili: la nje limeshuka zaidi. Kwa hiyo unyayo hupindukia ndani kwa urahisi, na kano ndogo iliyo mbele ya fundo la nje ndiyo huumia kwanza. Nyuma ya fundo la ndani kuna mapigo. Mengine yapo juu ya unyayo, pembeni mwa kano ya kidole gumba. Watu wachache hawana haya ya pili tangu kuzaliwa, hivyo tafuta yote mawili kabla ya kuogopa.

Unyayo una mifupa 26. Lowesha na ukanyage sakafu ya simenti uone upinde wako. Upinde ulio bapa usioumiza hauhitaji matibabu, na sapatu za bei ghali hazitaubadilisha.

Kifundo kikiumia, fuata kanuni iliyobuniwa Ottawa, Kanada. Apigwe eksirei kama hawezi kutembea hatua nne, au kama anaumia ukibonyeza ukingo wa nyuma wa fundo lolote, sentimita 6 kutoka ncha yake kwenda juu. Bonyeza pia mzizi wa mfupa wa kidole kidogo, pembeni mwa unyayo, na ule mfupa uliojitokeza upande wa ndani, mbele ya fundo. Kama hakuna hata kimoja cha hivyo, akae na mguu juu ya mto, auweke barafu, na kesho yake aanze kukanyaga taratibu.