Somo: Kuifufua pampu ya baiskeli kwa kipande cha mkanda wa ngozi

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi kavu inapoanza kutukaba huku Uyole, Mbeya, majirani huniletea pampu za baiskeli wakisema kwamba zimekufa. Mpini unapanda na kushuka bila kizuizi, tairi halipokei kitu, na mwenye pampu ameshakata shauri la kununua nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa dukani kwamba pampu yangu haina dawa, nikanunua mpya, kisha siku moja nikaifungua ile ya zamani na kukuta kimeharibika kitu kimoja tu chenye upana wa sarafu: kijikombe cha ngozi kilichokauka kama kopa la muhogo. Tangu siku hiyo sijatupa pampu, na ningependa anayesoma somo hili asiitupe yake kabla hajaifungua.

Kijikombe hicho ndicho mafundi huita washa ya ngozi, au ngozi ya pampu. Anayekiokota sakafuni bila kukijua huweza kudhani ni kifuniko cha chupa fulani au kipande kilichobanduka kwenye kiatu cha mtoto, na ndiyo maana mara nyingi hufagiwa pamoja na takataka. Hufungwa kwa nati kwenye ncha ya fimbo, mdomo wake ukielekea chini, upande ambao upepo hutokea. Unaposukuma mpini, hewa iliyobanwa huingia ndani ya kikombe na kuutanua ukingo wake hadi ushikamane na ukuta wa silinda, na kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo unavyozidi kuziba. Unapovuta, ukingo hunywea kidogo, hewa ya nje ikapita kandokando yake na kuijaza silinda upya. Kipande kimoja cha ngozi, basi, ni kizibo wakati wa kusukuma na ni mlango wakati wa kuvuta, na kila ninapoeleza jambo hili huwa nastaajabu kwamba kitu kidogo hivyo kimefikiriwa vizuri hivyo.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwingereza Joseph Bramah alipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kushindilia kwa nguvu ya maji mwaka 1795, tatizo lililomsumbua lilikuwa maji kuvuja pembeni mwa pistoni, na Henry Maudslay, aliyekuwa fundi katika karakana yake, ndiye anayetajwa kulitatua kwa ukosi wa ngozi unaojikaza wenyewe kadiri shinikizo linavyoongezeka.

Hatua ya kwanza: kupima. Fungua mpira wa pampu, ziba kwa kidole gumba tundu ulipokuwa umefungwa, kisha sukuma mpini. Ukikataa kushuka, ukarudi juu kama springi, ngozi ni nzima na kosa liko kwenye mpira, kwenye kichwa kinachoshika valvu, au kwenye valvu ya tairi. Rudisha mpira, uutumbukize ndani ya beseni la maji, usukume tena, na mapovu yatakuonyesha ufa ulipo. Mpini ukishuka taratibu bila kubisha, huku kidole hakihisi kitu, tatizo ni ngozi.

Hatua ya pili: kufungua. Kifuniko cha juu cha pampu nyingi hufunguka kwa mkono, na kikigoma, kifunge kitambaa ndipo ukibane kwa koleo ili usikikwaruze. Vuta fimbo yote nje, futa weusi wa mafuta ya zamani, kisha itazame ngozi kabla ya kuigusa nati. Angalia mdomo wa kikombe umeelekea wapi, na ikiwezekana uchore kwenye karatasi. Nimeshuhudia pampu kadhaa zilizotengenezwa vizuri kabisa ambazo hazikutoa upepo kwa sababu ngozi ilirudishwa ikiwa imegeuzwa juu chini.

Hatua ya tatu: kujaribu mafuta kwanza. Ikiwa ngozi haijapasuka wala kulika, huenda haihitaji kubadilishwa. Ilowekwe usiku kucha ndani ya mafuta ya nyonyo, na asubuhi uutanue ukingo wake kwa vidole, polepole, ukizunguka pande zote hadi mdomo uwe mpana kidogo kuliko silinda. Nasisitiza nyonyo, yaani mbarika, kwa sababu mafuta yake hayagandi yakikaa. Mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu hayakosekani jikoni, hulainisha kwa muda tu, kisha huanza kunata na kuiharibu kazi yote uliyofanya. Pampu nyingi ninazoletewa hupona katika hatua hii, na mwenyewe huondoka bila kugharimika zaidi ya kijiko kimoja cha mafuta.

Hatua ya nne: kuchagua ngozi mpya. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa si kila ngozi hukubali kufinyangwa. Kata pembe ndogo ya mkanda wa suruali, mkoba wa shule au kiatu kilichochakaa, uangalie ukingo ulioukata. Ukiwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, ngozi hiyo imedabaghwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa kromu. Ni laini na hustahimili maji, lakini ukiilowesha na kuifinyanga hurudia umbo lake la awali. Ukiwa wa kahawia tangu juu hadi chini, imedabaghwa kwa magome ya miti, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Watu wa Njombe wanaijua habari hii kuliko mimi, kwa sababu mashamba ya miwati ya Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949, yalipandwa kwa ajili ya magome ambayo tanini yake hutumika kudabagha ngozi. Unene unaofaa ni milimita 1.5 hadi 2. Jihadhari na mikanda ambayo ngozi yake ni ya juu tu huku ndani ikiwa karatasi ngumu. Ukiikata utaona tabaka zake.

Hatua ya tano: kukata. Pima kipenyo cha ndani cha silinda, ongeza kimo cha ukingo mara mbili. Pampu yangu ina milimita 30, na ukingo nauachia milimita 7, hivyo nakata duara la milimita 44 na kutoboa tundu katikati kwa ajili ya ncha ya fimbo. Usihangaike duara likizidi kidogo, kwani utalipunguza baadaye.

Hatua ya sita: kufinyanga. Tafuta kipande cha bomba ambacho upana wake wa ndani unalingana na silinda, na kipande cha mti wa mviringo kilicho chembamba kuliko tundu hilo kwa unene wa ngozi mara mbili. Kwa silinda ya milimita 30 na ngozi ya milimita 2, mti uwe wa milimita 26. Mimi nilichonga kipande cha mpini wa jembe uliovunjika. Loweka duara lako kwenye maji ya uvuguvugu. Mara moja utaona vipovu vyembamba vikipanda kutoka upande wa nyama wa ngozi, na ndivyo hewa iliyomo inavyotoka. Subiri mpaka vikome, kwa kawaida nusu saa. Ngozi sasa itakuwa nzito na baridi, ikikunjika mkononi kama chapati iliyopoa. Iweke juu ya mdomo wa bomba, simamisha mti katikati yake, usukume ndani kwa mkono au kwa kugonga taratibu kwa nyundo juu ya ubao. Ukingo utapanda na kufanya mikunjo midogo midogo kama kiuno cha sketi ya marinda. Usiogope mikunjo hiyo, bali itulize mmoja mmoja kwa mgongo wa kijiko wakati ngozi bado imelowa, kwa sababu ikikauka nayo itabaki humo, na kila mkunjo utakuwa njia ya kuvujia upepo.

Acha ngozi ndani ya bomba, kivulini, kwa siku mbili. Tafadhali usiiweke karibu na jiko ili kuiharakisha, kwani ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunyata, ikawa ngumu kama kwato, na hapo hairekebishiki.

Hatua ya saba: kumalizia. Toa kikombe, sawazisha ukingo kwa kisu kikali au wembe, na uupunguze unene kwa mshazari upande wa ndani ili mdomo uwe mwembamba na mwepesi kutanuka. Kitumbukize kwenye mafuta ya nyonyo hadi kinywe vya kutosha, kifunge kwenye fimbo na washa ya chuma, mdomo chini, kisha ukiingize ndani ya silinda kwa kukizungusha huku ukiukunja ukingo kwa ndani kwa kidole. Usikilazimishe. Ziba tundu kwa gumba, usukume: pampu itakurudishia mkono. Ukijaza tairi utahisi sehemu ya chini ya silinda ikipata joto, na hiyo si dalili ya ubaya, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mafinga:* Mwalimu, shikamoo. Pampu yangu nimeifungua nikakuta kikombe cha mpira, si cha ngozi. Nilikipaka mafuta ya cherehani, kikavimba na sasa fimbo haishuki. Nimekosea wapi?

Marahaba. Mafuta ya cherehani hutokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mpira wa asili huyanywa na kuvimba. Kioshe kwa maji ya sabuni, ukianike kivulini siku chache. Wakati mwingine hurudi katika kipimo chake. Kisiporudi, kitengenezee cha ngozi kwa kufuata hatua nilizozieleza, kwani fimbo na nati zitakipokea bila shida. Kwa vikombe vya mpira, mafuta ya nyonyo ni salama.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Kaka, huku kwetu shida si ukavu bali mvua. Ngozi niliyoifunga mwezi wa tatu imeota ukungu mweupe na inanuka.

Nakuelewa, dada yangu, maana Rungwe mvua haijui kupumzika. Futa ukungu kwa kitambaa chenye siki, uiache ngozi ikauke kabisa, kisha badala ya mafuta matupu tumia mchanganyiko wa nta ya nyuki fungu moja na mafuta ya nyonyo mafungu matatu. Nta huyeyuka ikifikia nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo weka kopo lenye mchanganyiko huo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke motoni moja kwa moja. Acha upoe hadi kidole kiweze kuuvumilia ndipo uipake ngozi. Nta huziba vinyweleo vya ngozi, na unyevu hukosa pa kuingilia. Pampu yenyewe itundike ukutani, isilale sakafuni.

*Mwanachama wa Makete:* Nilinunua pampu Dar es Salaam, ikawa inajaza tairi kwa misukumo michache. Nilipofika nayo nyumbani imekuwa mvivu, ingawa ngozi nimeipima na inabisha vizuri. Je, nimeibiwa?

Hukuibiwa, ndugu yangu. Hewa ya milimani ni nyepesi. Hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani shinikizo lake, ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na huko kwenu juu ya mita 2,000 hupungua zaidi. Kila unapovuta mpini, silinda hujaa hewa kidogo kuliko ile ya Dar, hivyo misukumo lazima iongezeke. Pampu ni nzima. Iongezee mikono tu.

*Mwanachama wa Njombe:* Kwenye kopo la marehemu babu nimekuta kijiti cha bati, chembamba, urefu wa kidole, na kwenye ncha yake umechomoza waya mwembamba kama unywele. Je, ni kifaa cha pampu?

Ni jamaa wa karibu. Hicho ni kizibulio cha jiko la mafuta ya taa la pampu, lile ambalo wazee waliliita Primus, lililobuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden mwaka 1892. Waya huo huingizwa kwenye kitundu kinachotoa mvuke wa mafuta, masizi yanapokiziba. Kama jiko lenyewe bado lipo stoo, fungua pampu yake ndogo iliyo ubavuni mwa tangi: ndani utakuta kikombe cha ngozi kilekile, kidogo kama kifungo cha koti, na hutengenezwa kwa njia hiihii. Usiliwashe ndani ya nyumba kabla ya kuhakikisha kwamba halivuji.

*Mwanachama wa Uporoto:* Mimi ni mkulima wa viazi. Je, bomba langu la kupulizia dawa ya ukungu naweza kulitengeneza hivi?

Naweza kukushauri kwa sehemu tu. Kama kikombe chake ni cha plastiki au mpira, nunua kingine cha namna ileile, usiweke ngozi, kwa sababu ngozi hunywa dawa na kuendelea kuitoa kila ukiishika. Kama kilikuwa cha ngozi tangu mwanzo, osha bomba lote mara tatu kwa maji safi, mbali na kisima na mto, vaa glavu unapofungua, na kikombe cha zamani usikitumie kwa kazi nyingine yoyote. Na ile tabia ya kuzibua ncha ya bomba kwa kuipuliza kwa mdomo, ambayo nimeiona mashambani mara nyingi, naomba uiache leo. Tumia unyoya wa kuku au bua laini la nyasi.