Kufunga Themostati ya Taa za Vifaranga kwa Ajili ya Kipupwe cha Dodoma

Kati ya Juni na Agosti joto la usiku Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na katika mabanda yaliyo wazi kwa upepo, kama ya Ihumwa au Hombolo, baridi hiyo huuma zaidi. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Mfugaji anayeacha taa ziwake usiku kucha huokoa vifaranga wake alfajiri, lakini saa saba mchana, bati likiwa limeshika moto, huwakuta wanahema midomo wazi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzima. Themostati hufanya kazi hiyo ya kuwasha na kuzima.

Ninayoielezea hapa ni aina ya STC-1000, ambayo hupatikana kwa urahisi. Kabla ya kulipa, soma kibandiko chake, kwa kuwa zipo za volti 12 na za volti 24 zinazofanana kabisa na ile ya volti 220 tunayoihitaji. Utahitaji pia taa mbili za joto za wati 250, holda za kauri (za plastiki huyeyuka), waya wa milimita mraba 1.5 wenye nyuzi tatu, boksi la plastiki lenye mfuniko, na plagi yenye fyuzi. Taa mbili kwa pamoja huvuta takriban ampea 2.2, na relei ya kifaa hiki, yaani swichi yake ya ndani inayojiwasha na kujizima, huhimili ampea 10. Nasisitiza taa mbili kwa sababu balbu moja ikiungua usiku wa manane, nyingine hubaki.

Kosa linalowasumbua wengi ni kudhani kwamba themostati hutoa umeme. Haitoi, ndani yake mna swichi tu. Nyuma ina matundu manane: namba 1 na 2 ni ya umeme wa kukiendesha kifaa chenyewe, 3 na 4 ni ya sensa (waya wenye ncha inayopima joto), 5 na 6 ni swichi ya kupasha joto, na 7 na 8 ni ya kupoza, ambayo tutaiacha wazi. Mtu akifunga namba 1 na 2 kisha akaunganisha taa kwenye 5 na 6 moja kwa moja, kioo kitaonyesha namba, relei italia “tak”, lakini taa hazitawaka, naye atairudisha dukani akidai ni mbovu. Hata hivyo zipo nakala zilizounganishwa tofauti, kwa hiyo mchoro uliobandikwa mgongoni ndio wa kufuata.

Chomoa plagi kwanza. Waya wa moto, wa rangi ya kahawia, uingie namba 1, na kutoka hapo kipande kingine kifupi kiupeleke moto huohuo namba 5. Waya wa nyutro, wa bluu, uingie namba 2 na pia uende moja kwa moja kwenye taa zote mbili. Kutoka namba 6 toa waya wa moto kwenda kwenye taa, zikiwa zimefungwa sambamba, yaani kila taa ipate moto na nyutro yake. Waya wa ethi (wa usalama, unaopeleka umeme ardhini), wa kijani na njano, ufungwe kwenye vikombe vya chuma vya taa. Ikiwa banda halina soketi yenye ethi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aiweke.

Funga kila kitu ndani ya boksi, maana vumbi la Dodoma na unga wa maranda huingia popote. Taa zining’inizwe kwa mnyororo, kamwe zisining’inie kwa waya wake, na zianzie sentimita 45 hivi juu ya maranda. Taa ikianguka, banda huungua.

Sensa iwekwe usawa wa mgongo wa kifaranga, pembeni kidogo mwa mwanga. Ikiwa chini ya taa kabisa, itazima mapema na vifaranga wa pembeni watapata baridi. Ili kuipima, itumbukize ncha yake katika glasi ya maji yaliyojaa barafu iliyopondwa. Isome sifuri, na isiposoma, rekebisha kwa F4, mpangilio wa kusahihisha usomaji wa sensa.

Bonyeza kitufe cha S kwa sekunde tatu ili uingie kwenye mipangilio. Weka F1 (joto unalotaka) kuwa 33 na F2 (tofauti ya joto kabla ya kuwasha tena) kuwa 1, ili taa ziwake joto likishuka hadi 32 na kuzimika likifika 33. Kila wiki punguza F1 kwa nyuzi tatu hivi. Bado watazame vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukingoni wanaungua, na wakitawanyika wakilala hapa na pale, namba yako ni sahihi.

Relei huweza kunasa ikiwa imewasha. Kwa hiyo acha nusu ya kinengunengu (sehemu ya kulelea vifaranga) bila taa, vifaranga wapate pa kukimbilia. Umeme ukikatika, kifaa hukumbuka namba zako na huendelea kikirudishiwa umeme; jiko la mkaa la akiba liwekewe wavu kulizunguka, na dirisha la juu liachwe wazi ili hewa yenye sumu itoke.