Vitu chakavu vya Jumamosi, mboga za Jumapili: mwongozo wa kununua, kutengeneza na kuotesha

Mdogo wangu amehamia Chamazi, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa saruji, koki inayodondosha usiku kucha na mlango wa jikoni unaoburuza sakafu. Tuliyashughulikia yote mwisho wa juma, na karibu kila tulichotumia kilikuwa kimeshatumiwa na mtu mwingine. Majirani zake wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje, hivyo naweka hapa utaratibu mzima. Ninayemsaidia kununua kitu chakavu humwambia jambo moja kabla ya mengine yote: uliza kilikuwa kinafanya kazi gani, ndipo uulize bei.

Hatua ya 1: Ijumaa jioni, pima na uandike

Andika kipenyo cha koki (nyingi za majumbani ni nusu inchi), urefu wa bawaba za mlango, na sehemu ya ua inayopata jua kwa saa tano au sita. Mchicha kivulini hurefuka shingo tu. Piga picha koki na bawaba, ukamwoneshe muuzaji.

Hatua ya 2: Jumamosi asubuhi, sokoni

Kwa Dar es Salaam, spana, praizi, bisibisi na vifaa vya bomba naanzia Gerezani. Madumu na ndoo nazipata Tandika, au kwa akina mama wanaouza mafuta ya kula kwa kupima, ambao madumu matupu huwajaa nyumbani. Mbao na maranda nachukua Keko kwa mafundi samani. Koki za shaba ya njano nazitafuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kabla hazijapakiwa kwenda kuyeyushwa.

Nenda mapema na uwe na chenji. Usiulize bei ya kitu kimoja kimoja. Kusanya vyote unavyovitaka kwa muuzaji mmoja, viweke chini mbele yake, kisha useme, "Kaka, nifanyie hesabu ya jumla." Akikutajia, taja ya kwako kwa heshima na umwache afikirie. Ukiwa umeshachagua mzigo, naye anataka kuuza. Anayetaja nusu ya bei kwa sauti ya dharau huwa anaondoka na kitu kibaya, kwa sababu hakuna atakayejisumbua kumtolea kizuri kilichowekwa nyuma.

Kwenye spana nipo upande wa chuma cha zamani. Spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo) iliyotumika, yenye meno mazima na mdomo usiocheza, naichukua kabla ya mpya inayong'aa ya bei hiyohiyo. Ifungue nusu, shika taya ya chini na uitikise. Ikicheza sana itakula kona za nati zako.

Hatua ya 3: Chagua chombo cha kupandia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine, na naomba usiruke hata mstari. Koki ikikosewa unafungua tena. Chombo kilichobeba sumu ukikioteshea mchicha, utakula usichokijua, na watoto wako watakula pamoja nawe.

Plastiki haifanani na glasi. Hunywa kidogo kile ilichokaa nacho, hasa mafuta na kemikali zenye harufu kali, na kusuuza hakutoi kilichoingia ndani ya ukuta wake. Kwa hiyo dumu lililobeba petroli, dizeli, oili chafu, tina ya kuchanganyia rangi au kiuatilifu halitakuwa la mboga hata ulioshe mara ngapi. Muuzaji akikuambia, "Limeshaoshwa, mama," mshukuru na ulirudishe.

Lebo ikiwepo, isome. Vifungashio vingi vya viuatilifu huwa na ukanda wa rangi chini ya lebo unaoonesha ukali wa sumu: mwekundu ndio mkali zaidi, ukifuatiwa na wa njano, wa bluu na wa kijani. Wa kijani nao ni kiuatilifu, usidanganywe na rangi. Tatizo ni kwamba lebo mara nyingi zimebanduliwa. Hapo fanya hivi. Funga kifuniko, acha chombo juani wakati unaendelea kuchagua vitu vingine, kisha ukifungue ukiwa umekishika mbali kidogo na uso, upunge hewa kwa kiganja kuelekea puani. Usiingize pua ndani. Joto hufukuza harufu iliyojificha. Ukisikia mafuta ya kula yaliyochacha, hilo linasafishika. Ukisikia harufu ya rangi ya mafuta, dawa ya mende au kitu kinachochoma koo, liache hapohapo. Kisha mimina maji kidogo ndani na uyaangalie kwenye mwanga. Utando wenye rangi za upinde wa mvua maana yake kuna mafuta. Kama mwenye mali amekuambia lilikuwa la maji ya kunywa, basi amekudanganya.

Geuza chombo uone kitako. Ndani ya pembetatu ya mishale kuna namba. Namba 2, ambayo ndiyo ya madumu mengi ya njano ya lita 20, na namba 5 ndizo ninazozichukua kwa mboga. Namba 3 na 6 sizioteshei chakula. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki nyingine zote, kwa hiyo haikuambii kitu. Elewa kwamba namba inataja aina ya plastiki tu, haisemi kilichobebwa. Dumu la namba 2 lililobeba sumu ni dumu la sumu.

Ndoo za rangi za lita 20 zina mgawanyiko wake. Ya rangi ya maji, baada ya kubandua utando wote uliokauka na kuosha vizuri, naitumia kwa maua na miche ya miti. Ya rangi ya mafuta hapana. Mapipa ya bluu yaliyotoka kwa watengenezaji wa sabuni ya maji nayaoteshea maua tu, maana ndani mlikuwa na malighafi ya sabuni, na mengine yalibeba tindikali. Pipa la vyakula viwandani ni zuri sana, ila muuzaji awe na uhakika lilikotoka.

Matairi watu wanayapenda, na yakipakwa rangi yanapendeza. Mimi huyapa maua peke yake. Tena lazima utoboe upande wa chini, kwa sababu maji hutuama kwenye mdomo wa ndani na mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana humo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Tairi lisilotobolewa ni afadhali lisiingie uani kwako kabisa.

Uchakavu wa jua nao uangalie. Pitisha kidole juu ya plastiki. Kikitoka na unga mweupe, plastiki imeshakufa, na utakapoikata itapasuka vipande. Bonyeza ubavu wa dumu kwa gumba. Zima hunesa na kurudi, lililochoka hutoa mlio mkavu.

Kwa paleti za mbao, zile zinazotoka maghala ya Barabara ya Nyerere na bandarini, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Una picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, na chini yake HT au MB. HT maana yake mbao imepashwa joto hadi nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30. Hiyo chukua. MB imefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, iache. Yenye madoa ya mafuta iache hata kama ni HT.

Kuhusu dumu la mafuta ya kula ulilolikubali: usianze na maji. Tia ndani vikombe vitatu vya mchanga mkavu na kikombe cha majivu, funga, ulitikise na kulibingirisha kwa dakika kadhaa. Mchanga hukwangua, majivu hunyonya. Mwaga, utaona umetoka umeshikana madonge ya kahawia. Rudia mpaka mchanga utoke mkavu na unaomwagika vizuri, ndipo utie maji ya moto na sabuni. Ukianza na maji, mafuta yanajipaka ukuta mzima, na yakibaki udongo wako utakuwa unasukuma maji pembeni badala ya kuyanywa.

Hatua ya 4: Jumamosi mchana, koki

Funga maji kwenye valvu ya mita, au chini ya simtanki kama ndilo linalolisha nyumba. Fungua koki maji yaliyobaki yaishe. Zungushia mwili wa koki kitambaa na uushike kwa praizi wakati unafungua kichwa kwa spana. Usipoushika, bomba litageuka ndani ya ukuta na utapata kazi ya kuvunja tofali.

Toa washa ya zamani, yaani kile kipande cha mpira cha duara kinachozuia maji, weka mpya. Kuna wanaokata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mpira huo ni laini mno, hulika haraka, na washa ya dukani ni ya shilingi chache. Kabla ya kufunga, ingiza kidole na uguse kile kiti cha chuma ambacho washa hukikalia. Kikiwa laini, funga na umemaliza. Kikiwa na mfereji, hata washa mpya itavuja. Hapo badilisha koki nzima.

Ndiyo maana nilikutuma kwa wauza chuma chakavu. Koki nyingi za bei rahisi zimepakwa nikeli juu ya zinki, na zinaonekana sawasawa na za shaba. Sumaku haitakusaidia, kwani haishiki shaba wala zinki. Ipime kwanza mkononi, maana ya shaba ni nzito. Kisha kwaruza kwa msumari sehemu iliyojificha karibu na uzi. Chini ya mng'ao ukiona njano, ni shaba. Ukiona kijivu, rudisha. Koki ya shaba iliyotumika, kiti chake kikiwa kizima, ukiitia washa mpya itaipita koki mpya ya zinki kwa miaka.

Unapoifunga, zungusha tepu nyeupe kwenye uzi kufuata upande koki inakoingilia, mizunguko mitano hadi minane, ukiivuta ikaze. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka wakati unakaza.

Hatua ya 5: Mlango

Kaza skrubu za bawaba ya juu. Zikizunguka bila kushika, tundu limepanuka. Lijaze njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kuchovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao, acha zikauke mpaka asubuhi, kisha rudisha skrubu. Mara nyingi mlango unaacha kuburuza bila kuguswa na randa.

Hatua ya 6: Jumapili asubuhi, matundu na udongo

Lalisha dumu, kata ubavu wa juu kwa jino la msumeno wa chuma, acha mkono wake ili uweze kulibeba. Toboa matundu ya kutolea maji kwenye kitako kipya, sita au saba, kwa msumari uliopashwa moto. Fanya hivyo nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Inua dumu juu ya vipande viwili vya mbao ili maji yapite chini.

Udongo: ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Iloweshe, ifunike na uiache kwa wiki kadhaa mpaka ipoteze ile harufu inayowasha macho. Maranda ya Keko nayaweka juu tu kama tandazo, sichanganyi na udongo, kwa sababu yakianza kuoza ndani hula naitrojeni ya mmea na majani hugeuka njano. Mwulize fundi kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa. Kama ilipakwa, maranda hayo si ya kwako.

Ukitaka mboga nyingi mahali padogo, tumia kiroba. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Jaza udongo kulizunguka mpaka ulingane nalo, kisha livute juu polepole, kokoto zibaki zimesimama kama nguzo. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta. Nguzo hiyo ndiyo inayopeleka maji chini. Bila nguzo, juu kunakuwa tope na chini vumbi. Toboa ubavuni vitundu vya kupitisha miche, ukiviachanisha kwa shubiri moja.

Hatua ya 7: Kupanda

Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko punje za mtama, zichanganye na kiganja cha mchanga mkavu ndipo uzisie, zisirundikane. Zifunike kwa udongo kidogo sana. Matembele: kata vikonyo vya urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, zika vifundo viwili. Nyanya na pilipili zinataka chombo chenye kina cha sentimita 30. Mchicha unatosheka na nusu yake.

Chandarua kilichochanika, kisichofaa tena kulalia, kitandaze juu ya fito kuzuia kuku na ndege. Usikifulie mtoni wala bwawani, dawa yake huua samaki.

Mwagilia asubuhi mapema. Kwa siku usizokuwepo, toboa kifuniko cha chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa sindano, ijaze na uichomeke kichwa chini kando ya mche. Mchicha utakuwa tayari kati ya wiki tatu na nne. Punguza kwanza iliyosongamana kwa kuing'oa, na inayobaki uikate juu ya majani mawili ya chini ili ichipue tena.