Kabla ya Kununua Spika Nyingine, Hakikisha Spika Ndiyo Yenye Kosa

Nilipohamia nyumba nyingine jijini Dar es Salaam, spika zangu, ambazo kwa miaka kadhaa zilikuwa zimeniridhisha, zilipoteza besi, na sauti ya mwimbaji ikawa imetapakaa sebule nzima bila kujulikana inatoka wapi. Kwa wiki mbili nilizunguka Kariakoo nikiulizia bei za spika nyingine, hadi siku nilipochungulia nyuma ya amplifaya na kukuta kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiunganisha waya usiku wa kuhama, nilikuwa nimeuchomeka waya mwekundu wa spika moja kwenye tundu jeusi. Waya wa upande mmoja ukigeuzwa hivyo, koni ya spika moja, yaani ile sehemu ya mbele inayotetemeka, husukuma hewa wakati ile ya pili inaivuta, na besi za pande mbili hufutana. Nilirekebisha kwa dakika moja, bila kutumia hata shilingi.

Hamu ya kubadilisha spika ina msingi, kwa kuwa kati ya vifaa vyote vya mfumo wa muziki wa nyumbani, spika ndiyo inayotofautiana zaidi na mwenzake, kuliko amplifaya na kuliko waya kwa mbali sana. Hata hivyo, kinachofika sikioni si sauti ya spika peke yake, bali ni ya spika pamoja na chumba, mahali ilipowekwa na rekodi inayopigwa. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuchukua karatasi na kuandika, kwa sentensi moja, ni kitu gani hasa kinachokukera. Sentensi isemayo kwamba sauti si nzuri haikusaidii chochote. Ile isemayo kwamba maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri besi inapoingia, au kwamba upande wa kushoto ni hafifu, au kwamba muziki hukwaruza unapoongezwa sauti, inakuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Kuichunguza spika uliyonayo

Kama kasoro iko upande mmoja, zima amplifaya, badilishana waya za kushoto na kulia nyuma yake, kisha uwashe tena na kupiga muziki uleule. Kasoro ikihamia spika ya pili, basi spika zako ni nzima, na tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye chombo kinachopiga muziki. Ikibaki palepale, tatizo ni spika hiyo, au waya wake, au kona ilipowekwa. Kwa hiyo malizia kwa kubadilishana spika zenyewe mahali. Jaribio hili dogo limewaokoa watu wengi kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Baada ya hapo, toa kitambaa cha mbele na uitazame koni kwa tochi. Spika nyingi za zamani zimezungushiwa sponji kwenye ukingo wa koni ya besi, na sponji hiyo huoza yenyewe baada ya miaka kati ya 10 na 20 hivi, haraka zaidi katika joto na unyevu wa pwani, hata kama spika haikupigwa. Ikiwa inameguka ukiigusa, au ina ufa, besi itakuwa imepungua na utasikia mtetemo mbaya. Lakini hilo si sababu ya kununua spika mpya, kwa maana fundi mwenye uzoefu anaweza kubandika ukingo mwingine wenye kipimo sawa kwa gharama ndogo. Ukingo wa raba hudumu muda mrefu zaidi. Weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka koni kwa usawa na uisukume ndani taratibu: ikiwa unasikia mkwaruzo, koili iliyo ndani inagusa sumaku, na hiyo ni kazi kubwa zaidi ambayo mara nyingi hailipi.

Twita, yaani kile kispika kidogo kinachotoa milio ya juu, huchunguzwa kwa sikio. Hamishia sauti yote upande mmoja, sogeza sikio karibu huku sauti ikiwa ndogo, kisha ulinganishe na upande wa pili. Twita iliyonyamaza huenda imeungua, jambo linalotokea hasa pale amplifaya ndogo inapolazimishwa kupiga kuliko uwezo wake, au kapasita za ndani ya boksi, yaani vile vipande vya umeme vinavyoipitishia twita milio ya juu, zimechoka baada ya miongo miwili au mitatu. Kapasita hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, kwa thamani zilezile. Usisahau pia kuliangalia boksi lenyewe kwa chini, kwa sababu mbao za ungaunga hufyonza maji kila sakafu inapodekiwa, na boksi lililovimba na kuachia maungio haliwezi tena kutoa besi iliyobana.

Mahali na chumba

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watumie muda mwingi zaidi, kwa kuwa hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Katika sebule zetu spika mara nyingi hupachikwa ndani ya kabati la televisheni, au moja huwa kwenye kona na nyingine karibu na mlango, mahali popote penye nafasi. Spika iliyo kwenye kona huzidishiwa besi na kuta mbili na sakafu, na iliyobanwa kabatini, hasa yenye tundu nyuma, hutoa sauti kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Zitoe nje, ziweke kwenye stendi au meza imara ili twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, yaani takriban sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, na uache kati ya sentimita 30 na 60 hadi ukuta wa nyuma. Umbali baina ya spika mbili uwe karibu sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwenye kiti chako. Kama sofa imegandamana na ukuta, isogeze mbele kidogo, kwa sababu besi hujikusanya ukutani.

Kisha kuna chumba chenyewe. Maelezo mengi ya spika tunayosoma yameandikwa na watu wa Marekani wanaosikilizia katika nyumba za mbao zenye kuta za bodi nyepesi, ambazo huiachia sehemu ya besi ipite nje. Kuta za tofali la saruji zilizopigwa lipu huirudisha ndani sehemu kubwa zaidi, na vigae vya sakafuni hurudisha milio ya juu. Chukua chumba chenye urefu wa mita 4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8, mara mbili ya chumba hicho kamili, na litakuwa likigonga kuta na kujiongeza nguvu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41 hivi. Ndiyo maana katika muziki wa dansi unaweza kusikia noti moja au mbili za besi zikivuma hadi vioo vya madirisha vitetemeke, ilhali noti jirani zinapita kimyakimya. Tembea polepole chumbani muziki ukiendelea: ikiwa mvumo unaongezeka na kupungua kadiri unavyosogea, basi unasikia chumba, na spika mpya ya bei kubwa, yenye besi nzito zaidi, itaukuza mvumo huohuo.

Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio mkali unaorudi kwa haraka, unahitaji zulia, mapazia mazito na pengine kabati la vitabu lisilopangwa kwa usawa. Khanga iliyotundikwa ukutani itapendezesha macho, lakini kwa sauti haifanyi kitu; na hata zulia na mapazia hupunguza milio ya juu tu, si besi. Kwa besi, dawa rahisi ni kuhamisha spika na kiti. Ukishapanga upya, ishi na mpangilio huo kwa wiki nzima kabla ya kuamua lolote.

Rekodi na amplifaya

Kuhusu rekodi, ninasema kwa kifupi kwamba spika bora haiongezi kisichokuwemo. Santuri za enzi za Siti binti Saad, aliyesafiri kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hazina besi nzito wala milio ya juu kabisa, na spika nzuri zaidi itakudhihirishia mikwaruzo yake. Pima kwa rekodi ya kisasa ya taarabu yenye udi, qanuni, fidla na sauti ya mwanamke, na si kwa faili iliyobanwa mno na kurushwa kwenye simu mara kumi.

Kuhusu amplifaya, usiamini maelfu ya wati za PMPO, ile nguvu ya juu kabisa inayotajwa na watangazaji, yaliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa namba hiyo haina kipimo kinachokubalika. Soma kibati cha nyuma kinachoonyesha kifaa kinatumia wati ngapi za umeme. Amplifaya haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingiza. Waya za kawaida za shaba zenye unene wa milimita za mraba 1.5 hadi 2.5 zinatosha sebuleni, na sitasema zaidi kuhusu waya.

Pale spika mpya inapostahili

Kama baada ya haya yote sentensi uliyoiandika bado ni ya kweli, mahali popote unapoweka spika na kwa rekodi zote nzuri, basi una haki ya kununua. Sauti za watu zikibaki zimebanwa puani hata hapo, mara nyingi ni kosa la spika. Vivyo hivyo, koni ya sentimita 13 ndani ya boksi dogo haiwezi kujaza sebule kubwa kwa besi ya chini kabisa, ingawa hapo sabufa yenye amplifaya yake mara nyingi ni jibu la nafuu kuliko kubadilisha spika zote mbili. Ipo pia sababu ya kutaka kitu kizuri cha kutazama sebuleni. Siidharau, ila mtu ajiambie ukweli kwamba hiyo ni fanicha.

Angalia namba mbili. Unyeti wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayoutoa kwa nguvu ileile, huandikwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinazopungua hudai wati mara mbili: spika ya desibeli 85 inahitaji wati 100 kupata ukubwa wa sauti ambao spika ya desibeli 91 huupata kwa wati 25. Ukinzani, yaani kiasi ambacho spika huuzuia umeme, huandikwa kwa omu, na ikiwa amplifaya yako imeandikwa nyuma kwamba isipewe chini ya omu 8, usiiunganishe na spika ya omu 4, hasa katika joto letu.

Usiamue ukiwa dukani. Omba kuzipeleka nyumbani au azima za jamaa, na uzilinganishe na za zamani katika chumba kilekile, zikiwa na sauti ya ukubwa uleule, kwa maana inayopiga kwa sauti kubwa kidogo tu huonekana bora. Programu ya simu ya kupima sauti inatosha kwa kulinganisha, mradi simu isihamishwe. Zifunike zote kwa shuka jepesi, na mtu wa nyumbani abadilishe waya bila kukuambia ni zipi zinazopiga. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji waliokuwa wakiziona spika walizipa alama tofauti na walizotoa walipokuwa hawazioni, na wasikilizaji wenye uzoefu hawakusalimika.

Mnunuzi wa spika za mtumba aende na simu na amplifaya ndogo, afanye ukaguzi wote nilioueleza hapo juu, na ahakikishe kwamba koni za pande mbili zinafanana kwa rangi, maandishi na sumaku, kwa sababu si ajabu kukuta boksi la jina kubwa limetiwa koni nyingine ndani. Kama zinauzwa pamoja na amplifaya iliyotoka Japani, asome kibati cha volti kwanza, kwani huko umeme ni volti 100, na kifaa hicho kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 kitaungua.

Spika za zamani zisiuzwe wala kugawiwa kwa angalau mwezi mmoja. Katika wiki ya nne, zirudishe mahali pake kwa jioni moja, na uisome tena ile sentensi uliyoiandika.